Albamu yetu inasifiwa hadi ng'ambo, na mimi niliyeiimba nilishindwa kuisikiliza

Mmmmm-tu. Mmmmm-tu.

Wakuu, mimi Masika, salamu kutoka Bunia.

Hiyo hapo juu ni pikipiki ya kaka yangu ikiwa imesimama, injini inawaka. Inavuma vizuri, halafu inakosa pigo moja kama mtu mwenye kwikwi, halafu inaendelea. Hata mkiniamsha usingizini nitaiiga bila kukosea.

Nasimulia ilivyokuwa, chumvi nimeiacha jikoni. Shule niliishia secondaire ya tatu, kwa hiyo mkiona Kiswahili cha vitabu kinagongana na cha kwetu, piteni tu, mtaelewa.

Kaka yangu aliitwa Paluku. Alikuwa mécanicien, yaani fundi, kwenye garage moja ya pikipiki huku mtaani Shari. Pikipiki siye tunaiita moto. Ukisikia mtu wa Bunia anasema "washa moto", usikimbilie ndoo ya maji.

Paluku alikuwa na gitaa la umeme. Alimtengenezea mchimba dhahabu mmoja pampu yake, yule jamaa akamwachia gitaa, alikuwa amechoka kulibeba. Spika ilikuwa ya kanisa, ilipasuka wakaitupa. Ukipiga inakwaruza kama mtu anakokota bati barabarani.

Na siye tulipenda hivyo hivyo.

Bunia watu wanapenda rumba na nyimbo za kwaya. Yetu ilikuwa kelele. Bahati, mwenzake Paluku pale garage, alipiga pipa tupu la mafuta na bidon, yaani madumu ya plastiki. Mimi niliimba, gitaa nilijua kuligusa kidogo tu. Kundi tukaliita Vidange, yale mafuta meusi yanayomwagwa pikipiki ikifanyiwa servisi.

Wateja walitucheka sana. Kuna papa mmoja, yaani mzee, aliyeleta pikipiki yake akakaa anasubiri, mwisho akasema:

"Paluku, maliza kwanza carburateur yangu. Iyo gitari haiendi Komanda."

"Itaenda, papa," Paluku akamjibu, hata hakuinua kichwa. "Itafika mbele yako."

Sasa nieleze jambo moja, maana hadithi yote imekaa hapo.

Waya za gitaa zikikatika, kwetu kupata mpya ni shida. Paluku alichukua kebo ya embrayage, ile ya clutch, akaifungua. Ndani ina nyuzi za chuma, nene na nyembamba. Anatoa moja, anaifuta grisi kwa petroli, anaifunga kwenye gitaa. Inalia vizuri, ila haikai. Wimbo mmoja tu imeshalegea.

Na kuikaza, tuikaze kwa kufuata nini? Kinanda hatuna. Mambo ya kupima sauti kwa simu hatukuyajua.

Paluku aliwasha pikipiki yake. Anakaza skrubu ya ralenti, ile ya kupandisha na kushusha mngurumo, kidogo kidogo mpaka bomba la moshi livume, halafu anakaza ule waya mnene mpaka usikie vyote viwili vimekuwa kitu kimoja. Nyingine zinafuata huo mnene. Kila wimbo, kabla hatujaanza, lazima kwanza pikipiki iongee.

"Mukubwa ameshasema," anasema hivyo akizima. "Tuende."

Tulirekodi Jumapili, watu wakishatoka kanisani na garage imefungwa. Simu tuliining'iniza darini kwa mpira wa tairi ili mtikisiko wa pipa usiifikie. Studio yetu ndiyo hiyo, wakuu. Mikono ya wenzangu ilikuwa myeusi, mimi nimevaa kitenge cha ibada bado.

Kukata mwanzo wa nyimbo hatukuweza. Kwa hiyo zote tisa zinaanza na pikipiki. Tulidhani ni aibu. Bahati alisema watu watafikiri tumewauzia vipuri.

Albamu ikaisha. Kuipeleka wapi?

Hapa Paluku alikuwa na akili yake. Alisema redio za mjini zitatuzungusha, lakini Komanda pale njiapanda malori yote yanasimama. Dereva anakula, anapumzika, anabadilishana nyimbo na wenzake. Ukimpa dereva flash, wimbo unalala Mambasa leo, kesho uko mbele. Hana wivu dereva, anachotaka asisinzie.

"Na yetu nani atasinzia?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana, nilishaanza kujiona nimevaa miwani nashuka kwenye ndege.

Alijaza flash kwa jamaa wa pale secrétariat public, kibanda cha kuchapa na kunakili, anayewekea watu nyimbo, akazitia kwenye mfuko wa koti, akawasha ile pikipiki. Aliniita Ndeke, yaani ndege, tangu nikiwa mdogo, kwa kuimba kwangu. Akasema, "Ndeke, wekea mama maji ya chai, narudia jioni."

Alifika. Flash zote aliwagawia madereva.

Shida ilikuwa kurudi. Mvua ilinyesha, barabara ikawa sabuni, lori likateleza kwenye mteremko likamkuta pembeni. Siandiki zaidi ya hapo.

Aliyemleta nyumbani ni dereva mwingine, mtu mzima, alimtambua kwa sababu asubuhi ile Paluku alimpa flash. Alimfunika kwa turubai la mzigo wake, akaendesha polepole mpaka Shari.

Siku za matanga yule dereva alirudi. Watu wamekaa kwenye viti, wanawake wanaimba za kanisa, yeye akapita katikati mpaka kwa mama. Akafungua kiganja. Ile flash.

"Mama, nimerudisha. Sikuweza kuipiga. Iko kitu ya mutoto yako."

Mama yangu anauza makayabu sokoni, samaki wa chumvi, mikono yake ni migumu. Alimshika yule mzee vidole akavikunja kimoja kimoja mpaka ngumi ikafunga flash ndani.

"Enda nayo," akasema. "Hii njo kazi alikuwa anafanya. Weye unataka aifanye bure?"

Yule dereva alilia kuliko siye.

Pikipiki haikupona. Patron, mwenye garage, aliitazama, akatikisa kichwa, vyuma vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma. Nilimwomba aondoe nikiwa sipo.

Miezi ikapita. Halafu vikaanza kuja vitu.

Kwanza rafiki yangu aliye Kisangani akanipigia, eti kuna basi linapiga sauti yangu. Baadaye mtangazaji mmoja akaipiga nzima, halafu mtu akaiweka mtandaoni. Nikaanza kutumiwa maandishi. Mmoja wa Ulaya aliandika kwamba Vidange wamepata sauti isiyo kwenye noti yoyote, iko katikati ya noti mbili, kama mtu aliyesimama mlangoni haingii wala hatoki. Mwingine akaandika ile injini mwanzoni mwa kila wimbo ni kilio cha mji usiopumzika.

Wakuu, ilikuwa Paluku anakaza waya.

Nilicheka peke yangu, halafu nikalala na kitenge usoni.

Watu mtaani wakaanza kuniita staa. Mama akienda sokoni wenye redio wanaipandisha sauti ili kumheshimu. Yeye anatua beseni, anasikiliza mpaka mwisho, anabeba, anaendelea. Mimi nikisikia tu mmmmm ya kwanza, nageuza njia. Albamu yangu mwenyewe. Kila mtu aliisikia isipokuwa mimi.

Juzi kati wenye tamasha moja la Kampala wakatuita. Nauli wanatoa, wanataka Vidange wapige albamu yote. Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo, bado hatujawapa.

Bahati alimleta Elie, kijana wa kwaya, mpiga gitaa mzuri kabisa, mpole. Tukakutana garage. Elie akatoa simu, akapima waya zake kwa ile programu, kila noti mahali pake. Tukaanza.

Sijui niwaelezeje. Nyimbo zilikuwa zilezile na zilikuwa zimekufa. Sauti yangu inatafuta pa kukaa haioni. Ni kama umerudi kwenu umekuta wamehamisha mlango.

Bahati akaweka chini vijiti vyake.

"Elie, si kosa yako. Hii nyimbo iko na funguo ya moto ya Paluku. Weka albamu, ufuate pale."

Elie hakujua. Aliiweka tu, kwa nia njema.

Mmmmm-tu.

Nilijikuta barabarani, kandambili moja nimeiacha ndani. Bahati akanifuata nayo mkononi. Hakunikaripia, alikaa pembeni yangu kwenye jiwe.

"Masika, Elie ataisikia kila siku ile moto. Mbele ya kila wimbo. Hata kule Kampala. Kama weye utakuwa unakimbia, useme sasa, niwaambie hapana. Hakuna mutu atakasirika."

"Na ukiwaambia hapana, Vidange imekwisha?"

Alipuliza vumbi kwenye kandambili yangu, akaiweka karibu na mguu wangu.

"Miye peke yangu na pipa? Watu watasema nachuuza mafuta."

Tukacheka, na tulipomaliza kucheka jibu lilikuwa bado halijapatikana.

Nyumbani nikamwambia mama. Alikuwa anapanga makayabu, mkubwa chini, mdogo juu. Nikamuuliza anawezaje kusikiliza.

"Miye nasikiaka kila siku na inaniuma kila siku," akasema. "Lakini angalia. Mutoto yangu iko anaongea mu redio ya watu wote, mu nyumba yake tu njo amekatazwa kuongea. Amekosa nini?"

Nilimsaidia kufunika samaki.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na sijui kama kitamfaa mwingine. Nilidhani kukimbia ile sauti ni kumheshimu marehemu. Kumbe nilikuwa namfungia nje, na yeye kazi yake yote ilikuwa kwenye hiyo sauti. Nilisubiri kwanza maumivu yaishe ndipo nisikilize. Hayaishi, angalau yangu hayajaisha.

Nawauliza wenye vikundi, wanakwaya, hata wenye biashara za familia: mwenzenu akiondoka, kiti chake mnamwekea mtu au mnakiacha wazi? Na je, jina mnaendelea nalo? Wengine hapa Bunia wanasema Vidange bila Paluku ni uongo. Semeni ukweli, sitanuna. Nitasoma zote.

Kabla hamjaandika, nimalizie Jumapili iliyopita.

Nilitoka ibadani nikapitia kwa patron kuomba ufunguo. Akautoa mfukoni akanipa. Garage ilikuwa tupu, inanuka petroli kama siku zote. Gitaa la Paluku lilikuwa kwenye msumari wake, waya mnene umekatika.

Nikatafuta kipande cha kebo ya embrayage. Nikakifungua, nikatoa uzi mmoja mnene, ukanichoma kidole. Nikaufuta kwa petroli kama yeye. Kuufunga kulinichukua muda, alikuwa akifanya huku anapiga mluzi, mimi nilifanya huku nauma ulimi.

Nikaining'iniza simu kwenye ule mpira wa tairi, upo bado, unashuka kutoka darini mpaka usawa wa mkono. Nikakaa kwenye kiti chake kilichokatika mgongo.

Nikabonyeza.

Mmmmm-tu. Mmmmm-tu.

Nilibaki kwenye kiti. Nikazungusha kikazio kidogo, waya ukawa chini. Kidogo tena, ukapita. Nikarudisha nyuma. Wimbo ulipotaka kuanza niliusimamisha nikarudia mwanzo, nikarudia tena, kidole kinavuja damu kidogo kwenye ubao wake, mpaka nikasikia waya na pikipiki vimekuwa kitu kimoja.

"Mukubwa ameshasema," Paluku akasema ndani ya simu. "Tuende."

Safari hii sikuusimamisha. Yeye akapiga, na mimi nikapiga.