Mwalimu Asiyejua Kuandika

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bibi Dürdane ni mto wa kukalia. Aliingia darasani kwangu wasichana walipokwisha kuondoka, mto umebanwa kwapani kama mtoto wa shule za zamani, akauweka sakafuni katikati ya madawati mapya ya Wizara, akaketi. Mimi nilikuwa kitini. Niliona haya, nikashuka.

"Rudi juu, mwanangu," akasema. "Leo mwanafunzi ni mimi."

Kila mtu wa mtaa wetu, huku juu kilimani Üsküdar, ng'ambo ya bahari kutoka mji wa Sultani, alijua sababu ya ujio wake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amewasomesha wasichana katika chumba cha mawe kilichoegemea msikiti. Mama zao walipita mikononi mwake, na bibi wa baadhi yao pia. Alisoma Msahafu kwa sauti iliyowasimamisha wauza maziwa njiani. Lakini hakuweza kuandika hata jina lake.

Kwa wanawake wa rika lake hilo halikuwa jambo la ajabu. Baba yake alikuwa imamu, mtu mpole, naye ndiye aliyemfundisha kusoma. Siku moja alimkuta bintiye ameshika kalamu ya mwanzi ya kaka yake, akaichukua taratibu na kuivunja. "Mwanamke asome maneno ya Mungu," alimwambia. "Akianza kuandika, ataandika ya kwake." Dürdane akakua na neno hilo, akalifanya sheria ya chumba chake. Msichana aliyechora herufi kwa mkaa ukutani alichapwa vidole.

Wizara ya Elimu ni changa kuliko yeye. Ilipoanzishwa kule ng'ambo ya maji, Dürdane alikuwa tayari amehitimu Msahafu. Sheria kubwa ya shule ilipotangazwa, alikuwa bibi harusi mpya. Na mwaka ule kilipofunguliwa chuo cha walimu wa kike, ambacho baadaye kilinilea mimi, alijifungua mtoto wake wa pekee, Ruhsar. Mawaziri waliteuliwa na kuondolewa, wengine kabla viti vyao havijapata joto. Sheria yenyewe ilichukua zaidi ya miaka ishirini kupanda kilima chetu. Ilipofika, ilifika migongoni mwa wapagazi, ikiwa madawati, ubao mweusi na ramani ya dola.

Nyuma ya wapagazi alikuja mkaguzi. Alimsikiliza Bibi Dürdane akisomesha, akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akamweleza masharti. Mwalimu yeyote lazima awe na cheti. Akifanya mtihani wa kusoma na kuandika akafaulu, ataendelea. Asipofaulu, chumba kitafungwa na watoto wake watahamia shule yangu.

Kwa hiyo akaja na mto wake.

Gülsüm, mfua nguo wa jirani, alimwona siku ileile akitoka kwangu.

"Lo! Mwalimu anakwenda chuoni!" akapiga kelele kutoka kwenye beseni lake. "Na ukikosea, utachapwa miguu, bibi?"

"Nikichapwa nitakuita wewe ulie, maana domo unalo."

"Kulia nalia bure. Kusoma ndiko kulikonishinda, na aliyenifundisha ni wewe!"

"Mimi nilikufundisha, Gülsüm. Wewe ndiye uliyelala."

Nilidhani herufi zitamwia rahisi, kwa kuwa alizijua zote kwa macho. Haikuwa hivyo. Mkono wake ulikuwa mgeni kabisa kwazo. Alifu yake ya kwanza, herufi ya mstari mmoja tu wa kusimama, iliinama, ikatetemeka, ikadondosha wino. Aliisogeza kwenye mwanga.

"Hii si alifu," akasema. "Huu ni mnara baada ya tetemeko."

Nilicheka kwanza, naye akacheka. Tulicheka hivyo majira yote ya baridi, mbele ya jiko la makaa, huku mjukuu wake Mehpare akichezea maganda ya chestnati, njugu tulizozichoma makaani, miguuni petu. Mehpare ni mtoto wa Ruhsar. Bibi Dürdane hakuificha haja yake. Mtoto alikuwa anakaribia umri wa kuanzishwa shule, umri wa msafara wa Amina, siku mtoto anapopandishwa farasi na kupelekwa shule huku wenzake wakiitikia dua, na bibi yake alitaka msafara huo ukomee kwenye chumba cha mawe, herufi ya kwanza aitamke mbele yake yeye, mwalimu wa chumba hicho.

"Mama yake nilimwanzisha pale pale," alisema. "Niachieni huyu tu. Baadaye nifungieni hata macho."

Habari za Ruhsar nilizipata kidogo kidogo. Aliolewa na sajini, wakapelekwa Erzurum, mbali mashariki mwa dola. Alikuwa anasoma kama mama yake, na kama mama yake hakujua kushika kalamu. Alipotaka kutuma salamu nyumbani, ilimbidi aende sokoni kwa mwandishi wa barua, mzee aliyeketi na wino wake kando ya mwuza kamba. Barua zilifika. Zote zilikuwa za namna moja: mama yangu mheshimiwa, nabusu mikono yako, mimi ni mzima wa afya, nami natumaini nawe ni mzima.

Alikuwa anavuja damu tangu alipomzaa Mehpare. Angemwambiaje jambo hilo mwanamume wa sokoni, na watu wamepanga foleni nyuma yake? Akaketi, akamwambia mzee aandike kama kawaida. Mzee akaandika kama kawaida. Bibi Dürdane akazisoma barua zile kwa sauti yake nzuri mbele ya majirani, na majirani wakamshukuru Mungu. Kisha sajini akaja peke yake, mtoto begani.

"Nilikuwa nikiwapa watu peremende," Bibi Dürdane aliniambia. "Kila barua ilipokuja, nilitoa peremende."

Kufikia majira ya machipuko aliandika vizuri kuliko baadhi ya wasichana wangu wa mwaka wa pili. Sikuwa na shaka. Siku ya mtihani tulivuka kwa feri pamoja, yeye ameshika begi la kalamu kifuani. Katika jengo la Wizara tuliingizwa kwenye chumba kirefu. Wasimamizi walikuwa watatu, mmoja wao mwalimu wangu wa chuoni, mwanamke ninayemheshimu. Niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma.

Alisoma kwanza. Msimamizi mzee alifumba macho akimsikiliza, na usomaji ulipokwisha alisema, "Mungu akuzidishie, bibi." Likabaki zoezi la kuandika. Hawakumtega. Walichagua jambo jepesi kuliko yote, ambalo kila mwalimu hufundisha watoto wake: barua ya binti aliye mbali kwa mama yake.

"Mama yangu mheshimiwa," msimamizi akasoma polepole.

Akaandika.

"Nabusu mikono yako."

Akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, safi, bila kusita.

"Mimi ni mzima wa afya."

Kalamu ikanyamaza. Msimamizi akarudia. Mwalimu wangu akainama, akamwambia kwa upole kwamba muda upo, asiogope. Bibi Dürdane akaifuta kalamu kwa kitambaa, akailaza kando ya karatasi.

"Hapo ndipo nilipofika," akasema.

Kwenye feri sikuweza kujizuia.

"Bibi, neno lile ulikuwa unalijua! Umeliandika kwangu mara ngapi!"

"Nalijua."

"Sasa kwa nini?"

Aliyatazama maji. "Mwanangu, uongo ule uliandikwa na mkono wa mtu baki. Na wangu pia uuandike?"

Cheti hakikutoka. Wadhamini wa wakfu wa msikiti walikifunga chumba cha mawe kabla ya joto kuanza, na wasichana wake wakaja kwangu wakiwa wameshikana mikono, wengine wanalia, hawajui waketi vipi kwenye dawati. Gülsüm hakumtania tena. Aliacha bakuli la supu mlangoni pake kila mchana, na kila jioni alilikuta vilevile, limejaa.

Wiki iliyopita Bibi Dürdane alikuja tena. Alikuwa amekonda, lakini alivaa buibui lake la sikukuu, na Mehpare alikuwa mkononi mwake.

"Msafara ni Alhamisi," akasema. "Utakomea kwako. Nimekwisha kuwaambia majirani."

Nilibusu mkono wake, nikauweka kwenye paji la uso wangu, na nikawa siwezi kuinua kichwa.

"Usilie. Nisikilize. Desturi ni mtoto atamke alifu, tule halua, twende nyumbani. Huyu usimwache hivyo. Akishaitamka, mpe kalamu. Siku ileile, mbele ya watu wote. Aiandike."

"Hata ikiinama?"

"Hata ikianguka kifudifudi."

Leo ni Jumanne. Farasi mdogo amekodishwa, na Gülsüm amekwisha kumshonea hatamu ya utepe. Mfuko wa mahameli wa kutia kitabu, uliokuwa wa Ruhsar, umetolewa sandukuni na kuanikwa juani. Wasichana wangu wanafanya mazoezi ya kuitikia "Amina!" kwa nguvu hadi njiwa wanaruka kutoka paani, nami siwanyamazishi. Nimechonga kalamu ya mwanzi, fupi, ya kutosha kiganja kidogo, na nimeijaribu kwa wino. Mehpare huja kila asubuhi kuuliza kama Alhamisi imefika.