Kiyoyozi Alichokikataa Bibi

Upepo wa moto unaotoka nyuma ya kiyoyozi una harufu yake. Ni harufu ya vumbi lililoungua na bati lililopigwa na jua. Wiki iliyopita nilikuwa napita kichochoroni Malindi, ya hapa kisiwani kwetu, na mfuko wangu wa ndimu, mara mashine iliyofungwa usawa wa uso wangu ikawaka na kunipulizia. Nilisimama pale pale kama mtu aliyepigwa kofi. Mpita njia mmoja akaniambia, "Dada, unaziba njia." Nilikuwa nshafika mbali, nna miaka kumi, nimesimama kwenye dirisha la bibi yangu, na hasira ni zile zile.

Kisa chenyewe nakileta kwenu nyinyi mnaosoma, kwa sababu nyumbani kwangu hakisikilizwi tena. Nikikianza tu, watoto wanatazamana na mume wangu anakumbuka kuwa ana kazi uani.

Nyumba yetu ilikuwa Malindi, ghorofa mbili, kuta zake nene hata nikinyoosha mkono wote dirishani vidole havikufika nje. Tuliishi watatu: mimi, mama yangu, na bibi yangu mzaa mama, Bi Rukia. Mama alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni ya jirani. Bibi yeye aliiendesha nyumba, na msidhani ilikuwa kazi ndogo. Alfajiri alifungua madirisha yote, hewa baridi iingie ijae. Jua likipanda alifunga ya mashariki, akabakisha mianya tu kwenye vipande vya mbao. Baada ya adhuhuri alinyunyiza maji sakafuni kwa mkono, taratibu, kama anayemrushia mtu marashi. Alasiri alifungua ya upande wa pili. Hatukuwa na hata pangaboi, na wageni wakija mchana wa kiangazi walivua viatu, wakakaa, wakasema, "Hii nyumba ya Bi Rukia ina nini?"

Moto wa kupikia nao ulikuwa na heshima yake. Maharage aliyachemsha kidogo tu kwenye seredani, jiko lake la makaa, kisha akaifunika sufuria na kuitia ndani ya kikapu kilichojazwa makumbi ya nazi na kanga kuukuu, akakifunga vizuri kama anayemfunika mtoto. Mimi nikirudi skuli na mama akirudi kazini, maharage yameiva, na makaa yaliyobaki yalikuwa yameshazimwa yasubiri chai ya jioni. Maji ya kuoshea mchele aliyanywesha mrehani wake uliokuwa kwenye kopo dirishani. Taa iliwaka penye watu tu. Ukiisahau, alikuita popote ulipo.

"Naam, bibi!"

"Humo ndani umemwachia nani taa?"

Nikenda kuizima mbio, nikiona haya, kama kweli kuna mtu nimemwacha humo bila ya kumuaga.

Kushoto kwetu, kati ya ukuta wetu na nyumba ya wageni, kulikuwa na uwazi mwembamba usioingia jua. Upepo wetu ulipita hapo. Kulia kulikuwa na kichochoro, na ng'ambo yake dirisha la Bi Chausiku, karibu hata yeye na bibi wakipeana kikombe cha chai mkono kwa mkono.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, nyumba ya wageni ilinunuliwa na Bwana Hilali. Alikuwa mtu wa maneno laini, na kanzu yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Mnajua aliyeipiga pasi ni nani. Haukupita mwezi mafundi wakaja na ngazi na nyundo, wakafunga viyoyozi sita kwenye vyumba vyake vya juu. Vyumba vikapata baridi. Migongo ya mashine ikatutazama sisi, yote sita, ndani ya ule uwazi, usawa wa chumba cha bibi.

Siku ya kwanza nilidhani kuna kitu kinaungua. Bibi alifungua dirisha kama kawaida yake, moto ukamjia usoni. Akalifunga, chumba kikawa tanuri. Akalifungua tena. Siku nzima alikuwa akifungua na kufunga, mwanamke aliyeijua nyumba ile kama anavyoujua mkono wake, sasa hajui aifanyeje. Mrehani ulikauka kwa siku nne. Maji ya mtungini yakawa vuguvugu. Shingo yake ilijaa vipele vya joto, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka poda akitoka kusali.

Mama alijaribu. Alimngojea Bwana Hilali mlangoni, akamwambia kwa adabu zote kwamba mashine zinamuumiza mtu mzima.

"Inshaallah, Bi Maryamu," akamjibu. "Nitazungumza na fundi."

Alisema hivyo mara tatu, katika miezi mitatu. Kila mara kwa upole ule ule, hata mama akirudi nyumbani tukimuuliza alikuwa hajui kama amekubaliwa au amekataliwa.

Basi skuli wakatangaza mashindano ya insha: namna tunavyotunza nishati nyumbani kwetu. Mimi niliandika kuhusu bibi. Niliandika madirisha, kikapu cha maharage, maji ya mchele na taa, kurasa tatu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nami nikawa wa kwanza. Zawadi ilikuwa mkoba wa skuli wenye madaftari na kalamu za rangi. Nililala nikiuota mkoba huo.

Siku ya wazee kuja skuli ikafika. Mama na bibi wakakaa safu ya tatu kwenye viti vya kukodi. Mgeni rasmi akashuka garini, akapokewa kwa kaswida, akaketishwa penye kivuli. Alikuwa Bwana Hilali. Zawadi zote alizitoa yeye.

Akasimama kuhutubia. Akasema sisi watu wa mji tuna ubadhirifu mkubwa. Akasema akina mama wanaopikia makaa wanamaliza misitu ya kisiwa hiki, na akina mama wakainamisha vichwa, bibi yangu miongoni mwao, yeye ambaye konzi mbili za makaa zilimtosha kutwa. Akasema kwenye nyumba yake ya wageni pana kadi katika kila chumba, yenye picha ya kasa, inayomwomba mgeni atumie taulo lake siku mbili ili kuyanusuru maji. Watu wakampigia makofi. Nami nikamtazama mama yangu. Mikono yake ilikuwa mapajani, imechubuka kwa sabuni ya mataulo hayo hayo yaliyofuliwa kila siku, kadi au si kadi.

Nikaitwa kusoma. Nilianza vizuri. Nikasoma habari ya alfajiri na madirisha kufunguliwa. Hapo nikanyanyua macho na kumwona Bwana Hilali akitabasamu na kutikisa kichwa, akimnong'oneza mwalimu mkuu kwamba ndivyo, hivi ndivyo inavyotakiwa. Maneno yaliyofuata hayakuwemo kwenye karatasi.

"Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani," nikasema. "Sasa hatufungui madirisha. Mgeni rasmi ametia mashine sita, zinatutemea moto chumbani kwa bibi. Bibi ana vipele shingo nzima."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia kwa kikohozi. Mwalimu wangu alinishika mkono juu ya kiwiko na kuniondoa pale mbele, na mkoba wangu akapewa msichana wa pili, aliyeandika kwamba kwao wana taa za kisasa. Nikaambiwa sina adabu. Neno moja la uongo sikulisema, na hakuna aliyesema kwamba ni uongo. Walisema sina adabu.

Nyumbani mama alilia. "Unajua mimi nafanya kazi kwa nani?" akaniuliza. "Unataka nifue wapi tena?"

"Kwani mtoto kasema uongo?" bibi akauliza, akiwa anavua viatu.

"Hakusema uongo, mama, lakini…"

"Basi."

Hata hivyo asubuhi yake nilipelekwa kuomba radhi. Nilisimama kwenye sakafu baridi ya ofisi yake, baridi kweli kweli, nikasema samahani huku nikilitazama zulia. Bwana Hilali alicheka, akanipapasa kichwa. "Mtoto hana makosa," akasema. Afadhali angenipiga.

Siku tatu baadaye fundi wake alipanda ngazi zetu na boksi kubwa begani. Lilikuwa na kiyoyozi kipya, zawadi kwa Bi Rukia kutoka kwa Bwana Hilali, na kukifunga ni juu yake.

Siwezi kuwaficha, niliruka kwa furaha. Hasira zangu zote ziliyeyuka kama mafuta ya nazi juani. Niliona nimeshinda. Nilishajiona nimelala chali sakafuni chini ya upepo baridi, wanaskuli wenzangu wanakuja kunitembelea. Mama naye alishukuru huku machozi yakimlenga, maana ilikuwa dalili kwamba kazi yake haijapotea.

Bibi alilizunguka boksi. "Mwanangu," akamwambia fundi, "hii mashine inafanyaje kazi?"

"Inalitoa joto chumbani, bi mkubwa. Inalipeleka nje."

"Nje wapi?"

Fundi akatazama huku na huku. Ukuta wa kushoto haukufaa, uwazi ulikuwa umeshajaa mashine za Bwana Hilali. Ukuta wa mbele ulikuwa wa njiani, na kufunga huko kulihitaji ruhusa. Akaonyesha kulia. "Hapa patafaa. Kichochoroni."

Bibi akalitazama lile dirisha la ng'ambo. Kwa Bi Chausiku lilikuwa wazi, na pazia lake lilikuwa likipepea.

"Liache boksi mpaka kesho," akasema.

Alasiri alivaa buibui lake, akateremka. Hakukaa sana. Aliporudi hakusema alikotoka, nami sikuuliza, nilikuwa nimekalia boksi nikilinusa kwa upya wake. Asubuhi fundi alipokuja na vyombo vyake, bibi alimpa kahawa, akamngojea amalize kikombe.

"Mrudishie mwenyewe," akamwambia. "Mwambie nimeshukuru sana. Ninachokitaka mimi ni vile vyake sita avipandishe juu ya paa, joto liende mbinguni."

Nilipiga kelele. Nilimwambia bibi yangu maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka najiuma ulimi: kwamba anapenda kuteseka, kwamba ni mshamba, kwamba mimi nimefedheheka mbele ya skuli nzima kwa ajili yake na yeye anarudisha. Mama hakunizuia, nadhani kwa sababu nilikuwa nikiyasema ya moyoni mwake pia. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipa ndoo, akasema, "Nenda kateke maji."

Bwana Hilali hakuvipandisha paani. Kuvipandisha kulitaka mabomba marefu zaidi, fundi alituambia, na wageni wasingeona tofauti. Tukaishi tanurini mwaka mmoja na kitu, kisha tukahamia Kiembe Samaki kwa mjomba, kwenye vyumba vya matofali ya saruji na bati, ambako hakuna dirisha la kufunga wala kufungua lililosaidia kitu. Bibi akafia huko, chini ya pangaboi. Nyumba ya Malindi siku hizi ni sehemu ya ile nyumba ya wageni. Nasikia wanawapandisha watalii ngazi zetu kuwaonyesha kuta nene, wakiwaeleza jinsi watu wa zamani walivyojua kuishi bila ya umeme, kisha wanawarudisha vyumbani kwenye baridi. Na mimi bado nnaalikwa kwenye semina na kufundishwa kuzima taa.

Kwa miaka mingi niliamini bibi alikirudisha kiyoyozi kwa kiburi. Kisha juzi juzi, kwenye harusi, nikakalishwa karibu na Salma, binti wa Bi Chausiku. Enzi zile alikuwa mtoto mwenye pumu, akilazwa kitanda cha dirishani ili apate hewa. Tulikuwa tukizungumza ya kale, nikamtajia lile boksi.

"Ile siku aliyokuja bibi yako?" akasema. "Nilikuwa nimelala, niliwasikia. Alimuuliza mama kama itatuudhi. Mama akamwambia, 'Tia tu Bi Rukia, sisi tutavumilia. Dirisha tutaliziba.'"

"Alimpa ruhusa?"

"Alimpa. Bibi yako akainuka, mama akadhani yameisha. Kisha bibi yako akamwambia, 'Hivyo hivyo ndivyo nilivyomjibu mimi Bwana Hilali, siku aliyokuja kuniomba.'"

Sikuwa najua kama aliomba. Katika hasira zangu zote za utotoni, hilo halikunipitia akilini. Kumbe alikuja na kanzu yake iliyonyooka, akabisha hodi, akauliza kwa upole, na mwanamke mtu mzima, mwenye binti anayefua mashuka yake, akamjibu kama sisi tulivyolelewa kumjibu jirani. Tutavumilia. Mtoto hawezi kujua kwamba neno hilo mara nyingi husemwa na mtu asiyekuwa na nafasi ya kusema hapana. Watu wazima wanajua. Bwana Hilali alijua. Alilisikia kwa bibi yangu, akenda kuita mafundi. Bibi yangu alilisikia kwa Bi Chausiku, akarudi nyumbani akavua buibui lake, akaniacha mimi nimkasirikie.