Mpangaji Asiyesalimia

Mpangaji wangu, mtaalamu wa wadudu wa majini, hunipita kila asubuhi mlangoni bila salamu, akielekea kijito cha msituni. Huko amezamisha vifuko vya wavu vilivyojaa majani makavu, kazi ya miezi mitano. Huchutama, akawachambua kwa kibano wadudu walao majani hayo, akiwanong'oneza: "Samahani, mama, nakusogeza kidogo."

Nilimwonya avitoe, kijito kitafurika mwezi huu. Akacheka: "Bibi, vipimo vyangu havisemi hivyo."

Juzi kikafurika. Jana alibisha hodi, ameshika kifuko kimoja kilichosalia na daftari lililolowa. "Shikamoo, bibi. Huwa kinafurika lini na lini?"

"Marahaba. Keti uandike. Tuanze na mwaka niliomaliza darasa la saba."