Vidole Vinne Kwenye Mkono wa Koti

Fundi cherehani alikuwa na siku tisa tu. Mwanawe wa pekee alikuwa njiani na mkewe na binti yao wa miaka sita, na mtoto mwenyewe hajui ila lugha ya mama yake. Jamani! Bibi mzima akutane na damu yake, wabaki kukodoleana macho?

Jirani yake, mwalimu mstaafu, alimpa dawa. "Dada, achana na daftari. Bandika picha. Jicho likiona uso na mdomo ukataja neno, halitoki tena."

Basi akatandaza karatasi ya kukatia mitindo ukutani, mbele ya cherehani. Uzi wa buluu kwa waliozaliwa, mwekundu kwa waliooana, na chini ya kila uso neno ambalo mwanawe alimtumia kwa sauti kwenye simu. Akikanyaga pedali anataja: babu, shangazi, binamu, kwa lugha ya watu, mpaka wateja wakamcheka.

"Fundi, unaongea na nani?"

"Na ukoo wangu! Lete hiyo sketi, acha udaku."

Nafasi ya mama wa mtoto ndiyo iliyobaki tupu. Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Miaka saba nyuma, picha ya harusi ilipomfikia, yeye aliyekuwa amemchagulia mwanawe binti mwingine alichukua mkasi mkubwa, akachora kwa chaki, akamkata bibi harusi kwa ustadi wote wa kazi. Mwana akabaki peke yake kwenye fremu, na vidole vinne vya mke kwenye mkono wa koti lake. Hasira hasara. Sasa aombe picha nyingine aseme nini, ile imeliwa na panya? Kila alipoviona vile vidole, aligeuza macho kwa aibu.

Lakini fundi hatupi kipande. Alikikuta ndani ya kopo la vifungo, kimekunjwa mara mbili. Akaiunga picha kwa mshono mdogo mdogo wa mkono, akaibandika.

Siku ikafika. Mtoto akasimama mbele ya ukuta, akamsomesha bibi yake neno kwa neno, akicheka kila alipokosea. Walipofika kwa mama, kidole chake kikafuata uzi wa mshono. Akageuka akauliza kitu.

Mkwe akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Anauliza nani alinishona."

Fundi akamgeukia mkwewe. "Ni mimi. Na mimi ndiye niliyekukata."

"Najua, mama. Mume wangu aliiona ile picha alipokuja kumzika baba yake."

Akatoa simu, akamwonyesha ukuta wa jikoni kwake. Picha zimebandikwa vilevile, na maneno ya Kiswahili chini yake. Katikati yuko Fundi mwenyewe, mzima, anacheka.

"Mimi pia nilijifunza hivi," mkwe akasema. "Nilianza na wewe."

Heri angetukanwa. Alikuwa ameshika maneno kumi na mawili ya lugha ile, na hakuna hata moja la kuombea radhi. Akamshika mkwewe mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu," akasema, machozi yakimdondoka.

"Nisamehe," mtoto akalirudia neno hilo geni, akaanza kulitafutia picha ukutani.