Rufaa Ambayo Haikufunguliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Tunduma, Wakili alinipa jalada tupu kabla hajanionyesha pa kukaa. "Karani," akasema, "hakimu anaweza kukusamehe mwandiko mbaya. Kuchelewa hakusamehi." Nilikuwa nimetoka Ihanda na cheti changu cha uhazili, sijui hata hati ya kiapo ni kitu gani. Yeye ndiye aliyenifundisha: ni maelezo ya mtu aliyeapa kuwa anasema kweli, na wakili akigonga muhuri bila kumwona mwapaji, ametenda kosa. Alinifundisha pia kutoondoka masijala, pale mahakama inapopokelea nyaraka, kabla nakala yangu haijagongwa muhuri.

Baadaye alifungua ofisi ya pili Vwawa, akanipeleka huko niwe karani mkuu. Huko ndiko alikotukuta Mama Enesi, mjane wa Itaka. Shemeji yake alikuwa amemshinda kesi ya shamba la kahawa aliloachiwa na mumewe. Akataka kukata rufaa. Wakili akapokea kazi.

Rufaa ina siku zake. Zikipita, mlango umefungwa. Nilimkumbusha Wakili mara mbili. Wakati huo alikuwa akihangaika na mizigo ya mfanyabiashara iliyokwama mpakani. Siku zikapita.

"Mwambie tunasubiri tarehe," akaniagiza.

Nikamwambia. Kila mwezi Mama Enesi alikuja, vumbi la njiani miguuni. "Mwanangu, tarehe imetoka?"

"Bado, mama. Mahakama ina kesi nyingi."

Nilisema hivyo karibu miaka miwili. Nilizoea, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Siku moja alikuja asubuhi, hakuketi. "Wamening'oa shambani. Mibuni wameikata. Mahakamani wanasema rufaa yangu haijawahi kufika. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akapeleka malalamiko kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Nikaitwa kutoa ushahidi. Kabla ya siku hiyo, Wakili alifunga mlango wa ofisi yake.

"Sema jalada lilipotea."

"Halikupotea, Mheshimiwa. Lipo kabatini."

"Nimekulea kikazi, Agnesi." Hakuwa amewahi kuniita kwa jina.

Mbele ya kamati mwenyekiti aliniuliza nani alimdanganya mlalamikaji. Nikajibu, "Mimi, kwa maagizo ya Wakili." Wakili aliangalia mikono yake. Alifutwa kwenye orodha ya mawakili, maana yake hawezi tena kumsimamia mtu mahakamani. Wakili mwingine aliomba Mama Enesi aongezewe muda wa kukata rufaa, ombi likakataliwa. Shamba halikurudi.

Nikapata kazi kwingine, nikafanya hadi nikastaafu. Nyinyi makarani vijana mnaniuliza kama naona fahari kwa ushahidi ule. Kamati ile huhukumu mawakili tu. Mimi sikuulizwa na yeyote kuhusu ile miaka miwili.

Mwaka jana nilimfuata Mama Enesi kwa binti yake, kijijini Mbebe. Nikamkuta uani akipukuchua maharage. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha.

"Wakili nilimwona mara tatu tu," akasema. "Wewe nilikuwa nakuona kila mwezi."

Alinisogezea kigoda, nikaketi, tukapukuchua maharage hadi yakaisha.