Pini Iliyobaki Kwenye Gunia

Enzi zetu sie watoto wa Tandika, gereji ya baba ilikuwa uani kwetu, na harufu ya grisi tuliijua kabla ya harufu ya daftari. Tulicheza kombolela katikati ya magari yaliyopandishwa juu ya mawe, mama akikaanga vitumbua pembeni na kutufokea tusimtimulie mchanga. Baba alikuwa na sheria moja: akimaliza kubadilisha breki, anayepanda naye kuzijaribu ni mmoja wetu. "Breki nisiyoweza kumpakia mwanangu, simpi mtoto wa mwenzangu," alikuwa akisema. Tuliigombania zamu hiyo kama nyama ya Idi.

Siku moja likaja gari jekundu la milango miwili, yale ya kukimbia, la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Baba akabadilisha pedi za breki, springi zake, na pini zinazoshikilia pedi zisichomoke. Zamu ilikuwa ya mdogo wangu Mwajuma. Wakaondoka kwa mngurumo, kuku wakaruka ukuta.

Mie nikabaki kukusanya vyuma vya zamani kwenye gunia. Vyote vilikuwa na kutu, ila kimoja kinang'aa. Pini mpya. Maana yake tairi moja limeondoka bila pini yake, na pedi ikichomoka, hakuna breki tena. Nikamwonyesha mama, naye akaacha vitumbua viungue, tukakimbilia barabarani, bibi yetu akitufuata nyuma. Simu za mkononi hatukuwa nazo.

Tukalisikia gari linarudi. Mama akavua mtandio, akaingia katikati ya barabara kumsimamisha baba. Bibi akamvuta mkono.

"Unamsimamisha kwa breki gani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Tukabaki pembeni, mie nimeinua pini juu. Baba akaniona, akaelewa. Akatupita bila kukanyaga breki, akashusha gia, akaliingiza gari kwenye mchanga wa uwanja wa mpira mpaka likazama na kuzima. Mwajuma akashuka anacheka, anataka azungushwe tena. Baba hakushuka. Alikaa ameshika usukani, na mikono ile iliyofungua nati za malori ilikuwa inatetemeka. Jioni hakula.

Siku hizi natengenezea gari langu gereji ya vigae kule Mbweni. Vijana wanavaa glavu, nguo hazina hata doa, eti ugonjwa wa gari wanausoma kwenye kompyuta. Juzi walinibadilishia breki. Nikamuuliza fundi kama amezijaribu.

"Usijali mama, kompyuta inasema ziko poa."

Nikamwomba apande na mie mpaka barabara kuu tu. Akacheka, akasema kuna mteja mwingine anamsubiri. Nikaikumbuka sheria ya baba, nikaikumbuka na mikono yake. Nikaendesha polepole hadi nyumbani, peke yangu. Mwanangu, niliyekuwa nimekuja naye gereji, nilimwambia aje na bajaji.