Mwaka Ambao Kilimia Hakikutufuata

Jioni ile ya mwezi mpevu tulikuwa watu watano. Majina yote ninayo kichwani mpaka leo, ila hapa siyaandiki, maana wenye majina wengi hawapo tena wa kuwaomba ruhusa. Alikuwepo mama mkwe wangu, mjane. Alikuwepo mume wangu, ambaye ndiye kitinda mimba wake. Alikuwepo wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kuachana na mumewe, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Alikuwepo mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti mdogo tu kutoka Ufipa, aliyepanga chumba kwa jirani yetu. Wa tano ni mimi, mkamwana wa nyumba ile, na mimba yangu ya kwanza. Nikisema tulikuwepo sisemi tulikuwa mahali pamoja. Wawili walikuwa kule, watatu tulikuwa huku, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kule ni kwetu pa zamani, upande wa mbugani wa Mpimbwe, ambako watu walikaa mbalimbali, kila mji na mashamba yake. Huku ni kijiji kipya tulichohamishiwa miaka ile ya sabini, wakati nchi nzima ilipoambiwa ikae vijijini. Ukitoka huku asubuhi kwa miguu, unafika kule jua la mchana limeshakuwa kali.

Kule, Mama (hivyo ndivyo nilivyomwita mama mkwe) alikuwa na jiwe lake la kusagia, kubwa, lililokaa ubavuni mwa ghala. Kila jioni, ikishafika Oktoba, alikuwa akilikalia jiwe lile na kuegemeza mgongo kwenye nguzo ya ghala, akitazama mawio, upande jua linakotoka. Mbele yake, mbali, kulikuwa na mivumo miwili, miti mirefu kama minazi, iliyosimama kama miimo ya mlango. Alikuwa anasubiri Kilimia. Kwa asiyekijua, ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, kama punje za mtama zilizolowa zikashikana. Mwanzoni mwa Oktoba giza lingeingia na mivumo ingebaki mitupu. Kilimia kingetoka baadaye sana, watu wameshalala. Lakini kila jioni kiliwahi kidogo kuliko jana yake, kidogo tu, mpaka inafika jioni moja, giza linaingia, chakula bado kiko jikoni, nacho kimeshasimama katikati ya mivumo. Siku hiyo Mama alikuwa akisema, "Kesho mbegu." Na majirani walikuwa wakituma watoto kuja kuuliza kama mama wa pale ameshakiona.

Nilipoolewa nilijaribu kukitazama nikiwa nimesimama mlangoni pa jiko. Akaniita. Akaniambia kwamba nyota haitazamwi ukiwa unatangatanga, leo hapa, kesho pale. Unakaa mahali pamoja, saa ileile, mgongo uko palepale, ndipo utajua kama iliyosogea ni nyota au ni wewe. Mimi niliyeishia darasa la pili nililishika hilo kuliko yote niliyofundishwa darasani.

Tena Kilimia kilikuja Novemba, mwezi wetu sisi Wakatoliki wa kuwaombea marehemu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi ya baba mkwe na ya watoto wawili wa Mama waliofariki wakiwa wachanga. Aliyapalilia yale makaburi mchana, akasali rozari, na jioni akakaa kwenye jiwe. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa kazi moja.

Basi tukahama. Tulichukua majembe, vyungu, mikeka, kuku, na milango ya nyumba. Jiwe likabaki, halikubebeka. Kijiji kipya kilipangwa kwa mistari kando ya barabara, chini kabisa ya mlima, na mlima wenyewe uko mawio. Asubuhi tulikuwa tumeshafanya kazi nusu ndipo jua lilipotutokea. Hilo tuliliona wote, tukazoea, hatukulifikiria zaidi.

Novemba ya kwanza ikatukuta pale. Mvua ikanyesha, watu wakaanza kupanda. Mama hakupanda. Alikaa nyuma ya nyumba mpya kwenye kigoda, kila jioni, saa yake ileile, akatazama mlima. Kilimia hakikuja. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Wifi akamwambia, "Mama, mimi nilitoka usiku kwenda chooni nikakiona, kiko juu ya paa." Mama akamjibu kwamba hicho cha usiku wa manane ni cha wachawi na walinzi, na wewe uliyekiona jichunguze uko upande gani. Chake kinakuja watu hawajala.

Mwenyekiti wa kijiji akaja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anabanwa na wa juu yake. Akasema shamba la mama limekaa tupu, na utaratibu ni kwamba shamba lisilopandwa mpaka mwezi uishe anapewa mwingine mwenye nguvu. Lile ndilo shamba tulilokuwa tunalitegemea, maana la mume wangu lilikuwa jipya, visiki vitupu, nusu yake haijalimika. Nikajishika tumbo. Usiku nikamwambia mume wangu aende akapande mwenyewe. Akasema hawezi kutia jembe kwenye shamba la mama yake bila neno lake.

Asubuhi nikamfuata Mama, nikapiga magoti, nikamwuliza tunasubiri nini. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetoa habari ya msiba:

"Kilimia hakikutufuata, mwanangu. Kimebaki na wanangu kule. Mimi nimewaacha, chenyewe kimekataa."

Hapo nikaelewa kwamba si uvivu wala si ubishi. Alikuwa na uchungu, lakini na faraja pia ilikuwemo humohumo. Kama Kilimia kilibaki, basi wale watoto walikuwa na mtu.

Nilimpelekea mwalimu wa kisomo jambo lile. Tulikuwa tunasoma alasiri, ndani ya ofisi ya kijiji, wanawake wengi na wanaume wachache wanaojificha nyuma. Siku iliyofuata nilimbembeleza Mama aje. Akaja, akakaa karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuonekana amekuja.

Mwalimu alifunga madirisha, akawasha koroboi, akaiweka juu ya sanduku ukutani. Akatuambia tusimame na tujizungushe polepole, kila mtu mahali pake. Taa ikatokea bega la kushoto, ikapita mbele ya macho, ikapotelea bega la kulia. Akauliza, nani ametembea, taa au nyie? Tukacheka, tukasema sisi. Akasema ndivyo dunia inavyofanya, inajizungusha nasi tumo juu yake, ndiyo maana jua na nyota tunaziona zinatoka na kuzama. Akasema jua nalo ni nyota, ila liko karibu, na zile ndogo zingesogea zingekuwa majua. Mchana zipo palepale juu, mwanga wa jua tu unazifunika. Mama akasema kutoka mlangoni:

"Mwalimu, unatuchezesha ngoma mchana na hakuna hata pombe."

Watu wakaangua kicheko, mwalimu naye. Halafu akachukua ungo, akauweka mbele ya uso wa Mama. Akamwuliza, mama, taa imezimika? Mama akasema haijazimika, umenikinga. Mwalimu akasema mlima wetu ndio ungo. Kilimia kinatoka kama siku zote, ila kabla hakijaupanda mlima, saa yako ya kukaa imeshapita.

Mama akausogeza ungo kando. "Wewe umekiona kikiwa nyuma ya mlima?"

"Sijakiona, mama."

"Basi unasema tu."

Nampendea mwalimu yule kwamba hakubisha. Alikubali kwamba ni kweli anasema tu, ila wanaosoma habari za nyota huwa hawaishii kusema, wanapima. Wanatazama kutoka sehemu mbili, kisha wanalinganisha. Akatuuliza mwezi unajaa lini. Akasema kwa majira yale mwezi mpevu huwa unapita karibu na Kilimia. Na mwezi hakuna anayesema ni miwili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Basi Mama aende kule akae kwenye jiwe lake, mimi nikae huku, jioni hiyohiyo. Kila mmoja atazame Kilimia kimekaa upande gani wa mwezi, asimwambie mtu. Kama upande ni mmoja, Kilimia ni kimoja.

Mama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nafikiri alisikia neno jiwe tu, mengine hakuyajali. Siku ya mwezi mpevu aliondoka asubuhi na mume wangu, na jembe begani la kupalilia makaburi, na rozari. Alitembea mbele ya mwanawe. Tangu tuhame sikuwa nimeuona mgongo wake umenyooka hivyo.

Jioni tukakaa nyuma ya nyumba, mimi, wifi na mwalimu. Mimi nilikalia kigoda cha Mama, mgongo ukutani, kama nilivyofundishwa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwani, lakini mawio palikuwa peupe. Giza likaingia. Mlima ukawa mweusi. Hakuna mwezi.

"Ala," wifi akasema, "na mwezi nao umebaki kule kulinda viazi tulivyoacha?"

Tulicheka mpaka mwalimu akajifuta machozi. Lakini mimi kicheko kilinikatikia njiani. Nilifikiri, sasa hivi Mama ameshauona. Yuko kwenye jiwe lake, mivumo iko mbele yake, mwezi umeshatoka mkubwa mwekundu, nasi huku tuko gizani tunacheka. Ni mara yangu ya kwanza maishani kuwaza kwamba mtu niliye mbali naye anatazama kitu ambacho mimi nitakitazama baadaye kidogo, na kitu chenyewe hakitajua tofauti. Nikatamani niwe kule. Nikatamani jikoni mwa kule, harufu ya majivu ya kule, hata yule mbwa tuliyemwacha.

Tukala. Wifi akaosha sahani. Ndipo ukingo wa mlima ukaanza kung'aa, na mwezi ukachomoza, na pembeni yake Kilimia, kimefifia kwa ule mwanga lakini kipo. Nikatazama upande. Nikaufunga moyoni.

Kesho yake walirudi alasiri. Mama aliosha miguu, akanywa maji, akamsubiri mwalimu. Mwalimu akaja na mabakuli mawili na punje za mtama. Aliyafudikiza chini kwenye mkeka, kila bakuli ni mwezi. Mimi nikaambiwa niweke punje zangu kwanza, Mama akiwa amegeuka, kisha akazifunika kwa ungo uleule. Akamwambia Mama aweke zake.

Mama alichukua punje kwa vidole vitatu, akaziweka kushoto kwa bakuli, juu kidogo. Akazibanabana vizuri kama mtu anayesuka.

Mwalimu akainua ungo. Zangu zilikuwa kushoto kwa bakuli, juu kidogo.

Mama alitazama bakuli hili, akatazama lile. Sisi tulikuwa tunasubiri afurahi. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Kumbe ni kimoja," Mama akasema. "Basi hakuna aliyebaki na wanangu."

Mwalimu tabasamu likamwishia, akaanza kuokota punje moja moja kwenye mkeka. Mume wangu ndiye aliyesema hatimaye, kwa sauti ya chini, kwamba makaburi wameyapalilia vizuri, na majani hayatarudi mapema. Mama akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kulala, jua bado liko juu.

Asubuhi nilisikia jembe. Nilipotoka alikuwa ameshalima kipande kizima, na khanga imelowa umande mpaka magotini. Nikachukua langu nikamfuata. Hatukuzungumza mpaka mstari wa tatu, aliponiambia nisiiname sana, nitamminya mtoto. Shamba likapandwa kabla mwezi haujaisha. Mwenyekiti alipita barabarani, akavua kofia, akaendelea na safari yake. Mwanangu wa kwanza alikula uji wa shamba lile.

Baada ya mavuno mume wangu alienda na mkokoteni wa ng'ombe akalileta jiwe. Mama akalikagua kama anamkagua mgeni, akaonyesha mahali pa kuliweka, nyuma ya nyumba. Alijifunza upya. Kule, Kilimia cha kupandia kilikuwa kile cha chakula kikiwa jikoni. Huku kikawa kile cha sahani zikioshwa. Majirani wakaanza tena kutuma watoto kuuliza. Lakini jioni ya kwanza ya Kilimia kila mwaka, kabla hakijaupanda mlima, nilikuwa nikimwona anakaa mapema, kwenye saa yake ya zamani, anatazama mlima mtupu. Alijua sasa kwamba kipo nyuma yake na kwamba kule mbugani kimeshatoka. Nadhani huo ndio muda aliokaa na wanawe.

Yeye amezikwa huku, karibu na kanisa. Kule ni pori, sijui kama mivumo bado imesimama. Jiwe ninalo mimi, na siku hizi nalikalia mapema, kama yeye, maana na mimi ninao wa kukaa nao.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Mwalimu kama yu hai ni bibi kama mimi, na watoto wa wifi wapo. Kama mwezi ule haukuwa mpevu kabisa, au kama Kilimia kilikuwa chini kidogo wala si juu kidogo, au kama ile khanga haikuwa na umande bali mvua, njooni mniambie nisahihishe. Ila kushoto ilikuwa kushoto. Hapo nina hakika. Lakini hata hapo, mwenye kukumbuka tofauti na aseme, nitamsikiliza.